Uzi: Kinachowatoa marubani kwenye kazi yao si porojo peke yake

#1 Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ripoti ya ajali ya ndege inapotoka na maneno "makosa ya rubani" yakaonekana ndani yake, mjadala huishia hapo hapo: rubani alizembea, basi. Nimeona niweke uzi huu kwa sababu ukizisoma ripoti zenyewe, badala ya vichwa vya habari, utakuta kwamba mara nyingi rubani hakuwa amezembea hata kidogo. Alikuwa akifanya kazi halali, tena kwa bidii, ila haikuwa kazi iliyohitajika kwa sekunde ile.

Nianze na ajali ambayo wanafunzi wa urubani huisikia mapema sana. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya Eastern Air Lines namba 401, aina ya Lockheed L-1011 TriStar, ilikuwa ikitokea New York na kujiandaa kutua Miami ikiwa na watu 176. Marubani waliposhusha magurudumu, taa ya kijani inayothibitisha kwamba gurudumu la mbele limeshuka na kujifunga haikuwaka. Wakaghairi kutua, wakapanda hadi futi 2,000, wakaelekea magharibi juu ya kinamasi cha Everglades ambako usiku ni giza tupu, wakaiachia otopailoti, yaani mtambo unaoirusha ndege wenyewe, ishikilie kimo hicho, kisha wakaanza kushughulika na ile taa. Rubani msaidizi aliichomoa, ikagoma kurudi mahali pake. Mhandisi wa ndege akatumwa kushuka kwenye chumba kilicho chini ya sakafu ili akachungulie gurudumu kwa macho yake. Fundi wa kampuni aliyekuwa amepewa kiti mle ndani naye akajiunga na shughuli hiyo. Walikuwa wataalamu wanne, kila mmoja ana la kufanya, na hakuna aliyekuwa ameachiwa jukumu la kutazama kipimo cha kimo.

Katika hali hiyo usukani ulisukumwa kidogo, bila mtu kukusudia, na otopailoti ikaacha kushikilia kimo pasipo kuzimika yote. Ndege ikaanza kuteremka polepole kiasi kwamba mwili hauwezi kuhisi. Mlio wa kuonya kwamba kimo kimebadilika ulisikika kwa nusu sekunde tu, upande wa kiti cha mhandisi, naye mhandisi alikuwa chini ya sakafu. Mwongoza ndege aliona kwenye rada tarakimu za futi 900, akauliza mambo yanaendeleaje huko. Akajibiwa kwamba wangependa kugeuza warudi kutua. Wakiwa katikati ya kona hiyo, rubani msaidizi akasema kwamba wamefanya kitu kwenye kimo. Sekunde chache baadaye ndege ilikuwa imegonga kinamasi. Watu 101 walikufa. Gurudumu la mbele lilikuwa limeshuka na kujifunga barabara muda wote. Zilizokuwa zimeungua ni balbu.

Sasa angalieni ajali ya pili, ya kampuni hiyo hiyo, miaka miwili baadaye. Tarehe 11 Septemba 1974 ndege namba 212, aina ya DC-9, ilianguka ikikaribia kutua Charlotte kwenye ukungu, wakafa watu 72 kati ya 82. Kinasa sauti kilionyesha kwamba wakati wa kushuka marubani walikuwa wakizungumza habari za siasa na za magari yaliyotumika. Hii ndiyo iliyozaa, mwaka 1981, kanuni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) inayokataza shughuli zozote zisizohusu usalama wa ndege wakati inatembea ardhini, inaporuka, inapotua, na katika sehemu kubwa ya safari iliyo chini ya futi 10,000. Kanuni hiyo inafika mbali: hakuna mlo, hakuna gazeti, hakuna kuwatangazia abiria mandhari yanayopita dirishani, hakuna kupiga redio kuagiza vitu vya jikoni mwa ndege.

Ni kanuni nzuri, na nchi nyingi zina mfano wake. Ila, wakuu, ingekuwepo mwaka 1972 isingeiokoa ndege namba 401 hata kidogo, maana pale hapakuwa na porojo. Taa ya gurudumu ni suala la usalama. Hoja yangu ndiyo hiyo: kinachomtoa rubani kwenye kazi yake mara nyingi ni kazi nyingine iliyo halali, nasi tumezoea kukemea soga kwa sababu kukemea soga ni rahisi.

#2 Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakushukuru kwa uzi wenye maelezo ya kina, lakini naona unawatetea marubani kupita kiasi. Tarehe 27 Agosti 2006 huko Lexington, Kentucky, marubani wa Comair namba 5191 walipiga soga wakati ndege inatembea kabla ya alfajiri, wakaingia njia ya kurukia namba 26 badala ya namba 22. Njia hiyo ilikuwa na urefu wa futi 3,500, yaani nusu tu ya ile waliyopangiwa, na haikuwa na taa. Walipokuwa wakikimbia juu yake, mmoja akashangaa kwamba haina taa, mwenzake akakubali, na bado hawakusimama. Walikufa 49 kati ya watu 50. Miaka kumi na minane kabla ya hapo, tarehe 31 Agosti 1988, marubani wa Boeing 727 ya Delta namba 1141 pale Dallas walikuwa wakipiga gumzo na mhudumu aliyeingia kwao huku wakisubiri zamu, wakaruka bila kutoa flapu, yaani vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoisaidia ndege kupaa kwa kasi ndogo. Watu 14 wakafa. Kanuni ilikuwepo katika visa vyote viwili. Tatizo ni nidhamu, na dawa ya nidhamu ni adhabu.

#3 Mleta mada

Ndugu yangu, mifano yako ni ya kweli na siipingi. Anayevunja kanuni kwa soga awajibishwe. Ninachokataa ni kuishia hapo, kwa sababu upande wa pili una makaburi mengi vilevile.

Chukua ndege ya British Midland namba 92, Boeing 737-400, tarehe 8 Januari 1989, ikitoka Heathrow kwenda Belfast. Pangaboi ya injini ya kushoto ilivunjika angani. Ndege ikatetemeka, moshi ukaingia. Marubani wakazima injini ya kulia, ile nzima. Mtetemo ukapungua kwa bahati mbaya tu, wakaamini kwamba wamepatia. Kilichonigusa katika ripoti yake ni hiki: baadaye kapteni alianza kurejea upya, kwa sauti, dalili walizokuwa wameziona. Alikuwa ameshafungua mlango wa kuligundua kosa. Wakati huo huo redio ikaita kutoka kwa waongoza ndege, rubani akajibu kama inavyompasa, yakafuata maandalizi ya kutua, na lile swali halikurudiwa tena. Ndege iliangukia kando ya barabara kuu ya M1 karibu na Kegworth, ikiwa imekaribia kabisa kiwanja. Watu 47 walikufa. Je, utamwadhibu nani kwa kujibu redio?

Au chukua Madrid, tarehe 20 Agosti 2008. Ndege ya Spanair namba 5022, aina ya MD-82, ilikuwa imeshafika karibu na njia ya kurukia ikarudi kwa sababu kipimo cha joto la hewa kilikuwa kinasoma juu mno. Mafundi wakaishughulikia, muda ukawa umekwenda. Marubani walipowasha injini upya na kuanza orodha ya ukaguzi, walifikia kipengele cha flapu, na hapo hapo kapteni akamwambia mwenzake aombe ruhusa ya kuanza kutembea. Aliomba, ruhusa ikatoka, wakaondoka. Flapu hazikutolewa. Katika ukaguzi wa mwisho kabla ya kuruka, rubani msaidizi alitamka nyuzi 11 za flapu kama ilivyopangwa, na kipimo kilichokuwa mbele yake hakikuwa kinaonyesha hivyo. Onyo la kielektroniki ambalo lingepaswa kupiga kelele halikulia. Walikufa 154, wakapona 18.

Kisa hicho kina ndugu yake wa miaka 21 nyuma: Northwest namba 255, Detroit, tarehe 16 Agosti 1987, MD-82 vilevile, flapu zilezile zilizosahaulika, onyo lilelile lililonyamaza. Pale marubani walibadilishiwa njia ya kurukia wakiwa tayari wanatembea, wakapitiliza kona, wakawa wanakagua upya mahesabu ya kuruka. Orodha ya ukaguzi ya wakati wa kutembea haikusomwa. Walikufa watu 156, wawili kati yao wakiwa ardhini, na kati ya waliokuwa ndani ya ndege alipona mtoto mmoja wa miaka minne.

Sasa kwa nini mtu mwenye maelfu ya saa angani asahau jambo alilolifanya maelfu ya mara? Jibu limo katika swali lenyewe. Kazi ya mazoea haikumbukwi kipengele kwa kipengele. Kila hatua inaivuta inayofuata. Ukimkatiza mtu katikati, kamba hiyo inakatika, na akirudi kazini hatua iliyorukwa haina kitu cha kuiita. Anachokiona mbele yake ni ndege inayotembea, injini zinazunguka, foleni inasogea, na mazingira hayo yote yanamwambia kwamba ya nyuma yameshakwisha. Juu ya hayo, ana kumbukumbu za kweli kabisa za kutoa flapu: za jana, za juzi, za asubuhi hiyo hiyo. Ndiyo maana mzoefu hayuko salama zaidi ya mgeni katika jambo hili, na wakati mwingine yuko hatarini zaidi. Mtu anayehesabu noti akisalimiwa katikati huanza upya kwa sababu anajua kwamba amepoteza hesabu. Rubani aliyekatizwa hajui kwamba amepoteza chochote.

#4 Mchangiaji wa pili

Wakuu, naomba niongeze kutoka upande wa pili wa mlango, kwa kuwa nimefanya kazi ya uhudumu ndani ya ndege.

Kanuni hiyo ya ukimya chini ya futi 10,000 tunafundishwa vizuri, na ni haki. Lakini ina upande ambao hausemwi sana. Mhudumu anasimama nyuma ya mlango, ameona kitu, na inambidi aamue peke yake, ndani ya nusu dakika, kama alichokiona kina uzito wa kutosha kuwakatiza marubani. Harufu ya kuungua unaipigia simu bila kufikiri. Je, mlio mgeni nyuma ya kabati? Je, abiria anayesema kwamba kuna kitu kinaning'inia kwenye bawa? Mgeni kazini ataogopa kukaripiwa, atasubiri ndege ipite futi 10,000.

Tarehe 10 Machi 1989 huko Dryden, Kanada, ndege ya Air Ontario namba 1363 iliruka ikiwa na theluji juu ya mabawa. Theluji hiyo ilionekana kutoka kwenye viti vya abiria, na miongoni mwa walioketi humo walikuwemo marubani waliokuwa wakisafiri kama abiria. Hakuna aliyewafikishia habari hiyo waliokuwa mbele. Walikufa watu 24. Vilevile pale Kegworth, kapteni alitangaza kwamba tatizo liko kwenye injini ya kulia, huku walioketi nyuma wakiwa wameona moto upande wa kushoto. Kwa hiyo, mleta mada, ninakubaliana nawe kwamba kukatizwa ni hatari, ila naomba tusifike mahali pa kusema kwamba kila anayebisha hodi ni adui.

#5 Mleta mada

Dada au kaka, sijui nikuite vipi, mchango wako umenisaidia kunyoosha hoja. Ni kweli kabisa. Ukimya ukizidi unazaa ajali yake. Nadhani ndiyo sababu makampuni mengi sasa yanafundisha marubani na wahudumu pamoja, katika darasa moja, kuhusu nini kisisubiri.

Mwelekeo huo ulianzia kwenye ajali nyingine ya magurudumu. Tarehe 28 Desemba 1978, DC-8 ya United namba 173 ilizunguka karibu na Portland kwa takriban saa nzima, kapteni akishughulikia hitilafu ya magurudumu na maandalizi ya abiria, hadi mafuta yakaisha na injini zikazimika moja baada ya nyingine. Walikufa watu 10. Wenzake walijua kwamba mafuta yanapungua na walilitaja jambo hilo, ila kwa upole ambao haukuweza kumng'oa kwenye alichokuwa anakifikiria. United ilianzisha mafunzo ya ushirikiano wa marubani mwaka 1981, na mafunzo ya aina hiyo yameenea duniani kote.

#6 Mchangiaji wa tatu

Nauliza kwa nia ya kujifunza. Mifano karibu yote mliyoitaja ni ya zamani. Ndege za siku hizi zinajirusha zenyewe kwa sehemu kubwa ya safari, na rubani amebaki kuwa mwangalizi. Je, tatizo hili halijapungua lenyewe?

#7 Mleta mada

Limehama, mkuu. Rubani aliyegeuzwa kuwa mwangalizi ana tatizo la pili juu ya lile la kwanza: akili ya binadamu haiwezi kukodolea macho kitu kisichobadilika kwa saa nyingi. Itajitafutia kazi.

Tarehe 21 Oktoba 2009, Airbus A320 ya Northwest namba 188 ilikuwa inatoka San Diego kwenda Minneapolis katika futi 37,000. Marubani walifungua kompyuta zao mpakato na kuanza kujadili mfumo mpya wa kupangiwa zamu. Kwa zaidi ya saa moja hawakujibu redio. Waliipita Minneapolis kwa takriban kilomita 240, na wakazindukana baada ya mhudumu kupiga simu ya ndani kuuliza watatua saa ngapi. Hakuna aliyeumia, lakini marubani wote wawili walinyang'anywa leseni. Mwaka 2014 FAA ilitoa kanuni ya kuwakataza marubani wa mashirika kutumia vifaa vyao binafsi vya kielektroniki kwa mambo yasiyo ya kazi, katika safari nzima. Tazama pia kwamba kanuni ya futi 10,000 isingewahusu kabisa. Walikuwa juu mno.

Simu nayo ina kisa chake. Tarehe 27 Mei 2010, A321 ya Jetstar iliyotoka Darwin ilikuwa ikikaribia kutua Singapore, rubani msaidizi akiwa ndiye anayerusha. Simu ya kapteni ilikuwa haijazimwa. Ilipopata mtandao, ujumbe ukaanza kuingia na milio ikafuatana. Rubani msaidizi akamwita kapteni, hakujibiwa. Akageuka, akamwona kapteni anahangaika na simu yake. Mwito mmoja ulikuwa umepotea, ukaguzi wa kutua haukukamilika, na magurudumu yalikuwa bado juu. Wakaghairi kutua wakiwa chini ya futi 500. Milio ile ilimchukua kapteni kwa kitambo kifupi tu, lakini ilimwondoa mtu ambaye kazi yake wakati huo ilikuwa kumsahihisha mwenzake, na huyo mwenzake naye akawa anamwangalia yeye badala ya kuangalia ndege. Wote wawili walikuwa wametoka kazini kwa mlio mmoja.

#8 Mchangiaji wa kwanza

Haya, mkuu, umenisogeza kidogo. Basi tuambie: kama adhabu haitoshi na kompyuta haitoshi, marubani wanaojitambua hufanya nini wakikatizwa? Maana redio haiwezi kuzimwa.

#9 Mleta mada

Redio haizimwi, lakini inaweza kuambiwa isubiri. Neno la kumtaka mwongoza ndege asubiri ni halali kabisa katika mawasiliano ya anga, na walimu wengi husema kwamba wanafunzi huliogopa bure. Ndiyo maana ya mpangilio wa zamani wa kazi za rubani: kwanza rusha ndege, pili ijue njia yake, tatu ndipo uzungumze.

Pili, pakitokea hitilafu, kabla ya mtu yeyote kuigusa, kapteni anatamka nani anarusha na nani anatatua. Anayerusha haruhusiwi kuingiza mkono wala jicho kwenye hitilafu. Somo hilo limetokana moja kwa moja na Everglades, ambako otopailoti ilihesabiwa kana kwamba ni mtu wa tano aliyepewa zamu.

Tatu ni kuacha alama kabla ya kuitika. Wapo wanaobaki wameishika karatasi ya ukaguzi mkononi, kidole gumba kikiwa kwenye kipengele walichofikia, na hawaiweki chini hadi iishe. Wapo wanaovisha kikombe kitupu juu ya wenzo ambao bado una kazi. Wengine hutamka kwa sauti, "tumeishia kwenye flapu," ili masikio mawili zaidi yabebe kumbukumbu hiyo. Kwenye Boeing 777 orodha ya ukaguzi iko kwenye skrini: kipengele kisichofanyika kinabaki cheupe, kikifanyika kinakuwa cha kijani, na baadhi ya vipengele ndege yenyewe huvihakiki bila kumtegemea mtu kubonyeza. Huo ni msaada mkubwa, kwa sababu skrini haichoki kusubiri.

Mwisho kabisa, orodha iliyokatizwa irudiwe kutoka mwanzo, wala isiendelezwe kutoka mahali unapodhani uliishia, kwa kuwa dhana hiyo ndiyo hasa iliyoharibika.

#10 Mchangiaji wa tatu

Kurudia mwanzo kila mara si kutachelewesha ndege, mkuu?

#11 Mleta mada

Orodha nyingi za kabla ya kuruka husomwa ndani ya dakika moja hivi, kwa hiyo muda wenyewe si hoja. Kinachowafanya marubani wasite ni ndege nyingine zilizopanga foleni nyuma yao, sauti ya mwongoza ndege anayeuliza kama wako tayari, na saa ya kuondoka ambayo kampuni itaihesabu mwisho wa mwezi. Hayo matatu hayamo kwenye uwezo wa rubani peke yake. Mwongoza ndege anaweza kuyapunguza kwa kutobadilisha njia ya kurukia dakika za mwisho pasipo sababu ya lazima, na kampuni inaweza kuyapunguza kwa kutomwita ofisini kapteni aliyechelewa kwa sababu alirudia orodha.